Eliza, Mwalimu Aliyekosa Darasa

Vijana wanaosomea ualimu wa Kiingereza hukutana mara nyingi na mchezo wa kuigiza uitwao Pygmalion. Mtunzi wake ni George Bernard Shaw, Mwairlandi aliyezaliwa Dublin mwaka wa 1856, akafa mwaka wa 1950. Wengine huusoma kitabuni. Wengine huujua kwa sinema ya mwaka wa 1938, au kwa My Fair Lady, mchezo wa nyimbo wa mwaka wa 1956 uliofanywa sinema mwaka wa 1964. Karibu wote hucheka, nao wana haki, kwa kuwa mchezo wachekesha kweli. Walakini tukiisha kucheka, yafaa tuurudie polepole. Ndani yake mna swali linalowahusu walimu wetu kuliko lilivyowahusu watazamaji wa London: mtu aliyelelewa katika msemo mwingine afundishweje kusimama mbele ya watu na kusema Kiingereza bila hofu?

Swali hilo latugusa karibu. Katika Kongo, Kifaransa ndicho lugha ya serikali na ya masomo ya juu, na Kiingereza ni somo la shule ya sekondari. Lakini tazameni majirani. Mwezi wa Oktoba 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na walimu wengi waliosoma kwa Kifaransa wakajikuta wamesimama mbele ya watoto na lugha wasiyoizoea. Mwaka wa 2011 madarasa matatu ya kwanza yalirudishiwa Kinyarwanda. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa tena Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kongo nayo iliingia mwaka wa 2022 katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mapatano yake ya mwaka wa 1999 yalikiweka Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Kiswahili na Kifaransa vilikubaliwa baadaye, mwaka wa 2021.

Basi kijana atokaye katika masomo ya ualimu na Kiingereza chake cha kuandika huona shida anapoingia darasani. Anajua kanuni za sarufi, lakini mdomo wamkauka. Akiogopa, atageukia ubao, ataandika, na watoto watanakili. Kisha atauliza kama wameelewa, nao watajibu wote kwa sauti moja kwamba wameelewa. Saa imekwisha, na hakuna aliyesema neno lake mwenyewe. Hasara ni ya mtoto, na ya mzazi aliyeuza mihogo yake ili apate fedha za shule.

1. Mchezo wenyewe

Pygmalion ulionyeshwa kwanza mjini Vienna, kwa Kijerumani, mwezi wa Oktoba 1913. London ikauona mwezi wa Aprili 1914. Waliosoma Kilatini watalikumbuka jina hilo katika mashairi ya Ovidius. Pygmalion alikuwa mchongaji wa kisiwa cha Kupro, aliyechonga sanamu ya mwanamke kwa pembe ya ndovu, akaipenda, na Venus, mungu wa kike wa Warumi, akaitia uhai.

Katika mchezo wa Shaw mchongaji ni Henry Higgins, bingwa wa elimu ya matamko. Sanamu ni Eliza Doolittle, msichana anayeuza maua barabarani. Usiku mmoja wa mvua watu wamejibanza barazani kwa kanisa la St Paul, huko Covent Garden. Higgins yupo, anaandika katika daftari kila sauti itokayo kinywani mwa Eliza. Hapo hapo ajisifu kwamba kwa miezi michache angeweza kumfundisha msichana huyu hata watu wamdhanie kuwa bibi wa ukoo mkubwa.

Kesho yake Eliza anakuja mwenyewe nyumbani kwa Higgins. Tuangalie sana jambo hili, maana watu hulipita upesi. Hakuja kutafuta ukubwa. Alitaka kazi katika duka la maua, nao wenye maduka hawamtaki kwa sababu ya msemo wake. Tena amekuja na fedha yake mkononi, shilingi moja kwa somo. Higgins mwenyewe apiga hesabu: msichana huyu hupata shilingi mbili na nusu kwa siku, basi shilingi moja ni mafungu mawili katika matano ya pato lake la siku, na hakuna tajiri aliyepata kumtolea kiasi hicho. Hesabu yake ni sahihi. Lakini akiisha kuipiga, auacha mbali ule uhitaji wa Eliza, na mahali pake aweka dau. Koloneli Pickering, rafiki yake, asema atalipa gharama zote ikiwa Higgins ataweza kumpitisha msichana katika karamu ya wakubwa. Miezi sita imewekwa. Tangu hapo duka la maua halishughulishi mtu tena.

Hilo ni kosa la kwanza la Higgins, nalo si la Higgins peke yake. Kijana wa ualimu huja kwetu akiwa na uhitaji ulio wazi. Ataka kuweza kueleza somo mbele ya watoto hamsini, kuwauliza, kuwajibu, kuwatuliza. Sisi twampa nini? Mara nyingi twampa hotuba ya kukariri siku ya sikukuu ya shule, au mabishano ambayo kila neno lake limeandikwa kabla. Wageni hupiga makofi. Wakuu husema shule yafundisha Kiingereza vizuri. Jumatatu kijana huingia darasani, mtoto humwuliza swali ambalo halikuandikwa popote, naye hunyamaza.

2. Hali ya hewa na kifo cha shangazi

Sehemu ya tatu ndiyo inayosifiwa kuliko zote, nayo ndiyo iliyoeleweka vibaya kuliko zote. Higgins amleta Eliza nyumbani kwa mama yake, siku ya kupokea wageni, ili amjaribu. Amempa mambo mawili tu ya kuzungumza: hali ya hewa na afya ya watu. Eliza aingia amevaa vizuri, na kila sauti yake ni safi. Aulizwa juu ya mvua, naye ajibu kama tangazo la hali ya hewa, neno kwa neno, bila kosa. Kijana mmoja, Freddy, aanza kucheka. Wengine hawana la kumjibu. Nani aweza kulijibu tangazo?

Kisha wagusia afya, na Eliza aanza kusimulia shangazi yake. Watu husema aliuawa na homa ya mafua, yeye hasadiki. Shangazi huyo alikuwa amekwisha kupona ugonjwa mkubwa kuliko huo, baada ya baba yake Eliza kumnywesha pombe kali kwa kijiko. Na ile kofia mpya ya majani makavu, iliyokuwa imwendee Eliza, iko wapi? Eliza aona kwamba aliyeiiba kofia ndiye aliyemwua mwenye kofia. Hapa sarufi yake yavunjika, maneno ya barabarani yatoka, mama mwenye nyumba aona haya. Watazamaji hucheka, na wafafanuzi wengi husema: tazama, matamko yamebadilika, mtu hakubadilika, jaribio limeshindwa.

Twaona kinyume. Eliza alishindwa pale aliposema sawasawa, akashinda pale alipokosea. Alipokuwa akisema hali ya hewa, alikuwa debe tupu linalovuma. Alipomsimulia shangazi, vichwa vyote viligeuka. Wageni walimwuliza, naye akawajibu. Walishangaa, naye akawaeleza. Alikuwa na jambo la kusema, alilijua kuliko wote waliokuwemo chumbani, tena alitaka wamsadiki. Huko ndiko kusema mbele ya watu. Jambo moja dogo zaidi: Freddy anapocheka, Eliza asimama na kumwuliza acheka nini, ikiwa yeye asema sawa. Na kabla ya kuondoka awauliza wenyeji kama amesema neno lisilofaa. Maana yake awatazama wanaomsikiliza. Mwanafunzi wa ualimu anayefanya hivyo ana mbegu ya ualimu ndani yake, hata kama vitenzi vyake vyachechemea.

3. Mlango uliofungwa

Hapa lazima tumlaumu Shaw. Katika utangulizi wa mchezo asema kwamba kazi yake ni ya kufundisha, na kwamba wataalamu wa matamko ni watu wa faida kubwa. Vizuri, lakini mafundisho yenyewe yako wapi? Mwisho wa sehemu ya pili Eliza ameingia nyumbani kwa Higgins. Mwanzo wa sehemu ya tatu amekwisha kufundishwa kwa miezi kadhaa. Mwalimu anayesoma ili aone jinsi kazi ilivyofanyika akuta mlango umefungwa. Katika chapa ya mwaka wa 1941 Shaw aliongeza kipande kifupi cha somo, baada ya kazi ya sinema. Eliza asoma alfabeti, akemewa. Atamka maneno ya kikombe cha chai, aambiwa pa kuweka ulimi, naye afaulu mara moja. Kisha Higgins amtisha kwamba akikosea ataburutwa kwa nywele kuzunguka chumba, na Eliza atoka akilia.

Kipande hicho kinafunua mambo mawili. La kwanza, kuonyeshwa pa kuweka ulimi kwafaa kweli. Hatusemi kwamba matamko ni bure. Mswahili huvuta sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kitabu, mwalimu, kanisa. Aichukua desturi hiyo katika Kiingereza, asema de-ve-LOP-ment, na msikilizaji apotea, kwa sababu Mwingereza asema de-VEL-op-ment. Tena Kiingereza hakikai mahali pamoja: PHO-to-graph, lakini pho-TOG-ra-phy. Neno «ship» na neno «sheep» huwa moja kinywani mwetu, na mtoto haelewi kama twasema merikebu au kondoo. Mwalimu anayejua mambo hayo na kuyaonyesha kwa upole anafanya kazi ya maana.

La pili, machozi ya Eliza hayakutoka kwa sababu ya ulimi. Yalitoka kwa sababu alitishwa alipokuwa akijaribu. Yeye mwenyewe asema kwamba ausikia uzuri wa matamko ya Higgins. Sikio lake li zima. Kilichovunjika ni moyo. Wangapi katika vijana wetu wamejifunza kunyamaza kwa njia hiyo hiyo? Siku za staji, maana yake siku za kujaribu kufundisha mbele ya wanafunzi, msimamizi hukaa nyuma na daftari yake, kama Higgins chini ya baraza. Kijana huona kalamu ikitembea. Kila itembeapo, ajua amekosa. Asijue amekosa nini. Baada ya dakika kumi hafundishi tena watoto, afundisha kalamu.

4. Koloneli aliyeinuka kitini

Nani basi alimfundisha Eliza? Jibu lake mwenyewe liko katika sehemu ya tano. Amekwisha kushinda, wakubwa wamemdhania mkubwa mwenzao. Usiku ule Higgins na Pickering walirudi nyumbani wakishukuru kwamba kazi ya kuchosha imekwisha, wala hawakumpa asante. Eliza akamtupia Higgins viatu vyake vya nyumbani, akauliza sasa yeye afaa kwa kazi gani. Akaondoka. Wanapomkuta kwa mama yake Higgins, Eliza amweleza Pickering kwamba masomo yake ya kweli yalianza siku ile ya kwanza Pickering alipomwita kwa jina la heshima, Bibi Doolittle. Amkumbusha mambo madogo: alivua kofia mbele yake, alimfungulia mlango, aliinuka kitini alipoingia. Kutoka hapo, asema Eliza, alianza kujiheshimu. Tofauti ya bibi na muuza maua yatokana na jinsi watu wanavyomtendea.

Haya ndiyo maneno ya maana kuliko yote katika mchezo, nayo yamevunja utangulizi wa Shaw. Mtunzi alitaka kutuonyesha nguvu ya elimu ya matamko. Watu wake mwenyewe walimshinda, wakaonyesha nguvu ya heshima. Pickering hakufundisha sauti hata moja. Alimsikiliza Eliza kama mtu mwenye jambo la kusema, mpaka Eliza akawa mtu mwenye jambo la kusema. Msomaji asidhani kwamba heshima hiyo ni pambo la adabu tu. Ni njia ya kufundisha. Msimamizi anayemsikiliza kijana mpaka mwisho wa somo lake, akamwuliza kwanza yeye mwenyewe alitaka watoto wajue nini, amefanya kazi ya Koloneli.

5. Lugha ya kwanza haikufa

Katika sehemu hiyo hiyo Eliza asema kwamba yeye ni kama mtoto aliyepelekwa nchi ya ugeni: ameisahau lugha yake, sasa ajua ile ya Higgins peke yake. Hasemi hayo bila uchungu. Lakini ngojeni kidogo. Baba yake atokea ghafula nyuma yake, amevaa nguo za harusi, na Eliza kwa mshangao apiga ule ukelele wake wa zamani wa barabarani. Higgins afurahi kwamba ameshinda. Watazamaji hucheka tena.

Sisi twacheka pia, kisha twauliza: mbona ni aibu? Mtu aliyeshtuka huita kwa lugha ya mama yake. Ukelele huo waonyesha kwamba lugha ya kwanza ya Eliza haikufa, wala haikuzuia ile ya pili; zote mbili zakaa ndani yake. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Tumesikia kwamba kuna shule ambako mwanafunzi wa ualimu akisema neno la Kiswahili katika saa ya Kiingereza hutozwa faini. Huo ni ufundi wa Higgins. Kijana anayetaka kueleza kwa Kiingereza jinsi mbegu inavyoota, aacheni kwanza alipange jambo hilo kwa Kiswahili au Kifaransa pamoja na wenzake, ajue lipi litangulie na lipi lifuate. Akiisha kulishika, atafute maneno ya Kiingereza. Asiyejua atakalo kusema hawezi kulisema kwa lugha yoyote.

6. Shaw alivyojifunza yeye

Ajabu ni kwamba Shaw, aliyemtunga Higgins, hakujifunza kusema kwa njia ya Higgins. Alifika London mwaka wa 1876, kijana mwenye haya nyingi. Miaka michache baadaye aliingia katika chama cha mabishano, akaona moyo wamdunda kila alipotaka kuinuka. Akaazimu kusema katika kila mkutano, hata kama atajiaibisha. Alisema katika vyumba vidogo, akasema kwenye pembe za barabara na katika bustani ya Hyde Park, mbele ya watu waliokuwa huru kumwacha na kwenda zao. Mambo aliyoyasema aliyajali. Hivyo ndivyo alivyokuwa msemaji mashuhuri.

Tena, mwaka wa 1927, alitia sauti yake katika santuri za Linguaphone kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiingereza. Humo aliwaeleza kwamba hakuna Waingereza wawili wanaosema sawasawa kabisa, na kwamba yeye mwenyewe ana msemo wa Kiairlandi. Tena akamshauri mgeni asijitahidi kusema kwa ukamilifu, maana watu hawatamwelewa. Kiingereza cha kuvunjikavunjika chamfaa mgeni zaidi. Twapenda kuwasikilizisha wasimamizi wa staji santuri hiyo. Shaw wa santuri ni mwalimu bora kuliko Shaw wa mchezo.

7. Sikio na upole

Karibu na mwisho, Eliza atamka neno ambalo Shaw hakulifuata. Higgins amwuliza atafanya nini. Eliza ajibu kwamba atakwenda kuwa mwalimu. Atafundisha nini? Yale yale aliyofundishwa. Kisha ataja mambo mawili: Higgins mwenyewe alikiri kwamba sikio la Eliza ni jepesi kuliko lake, tena yeye Eliza aweza kuwa na adabu na wema kwa watu, jambo ambalo Higgins haliwezi. Sikio na upole: hayo ndiyo mashahada yake mawili. Kabla ya hapo Higgins alikuwa amekasirika hata kumshika kwa mikono yake.

Lakini Shaw hakumpa darasa. Katika maelezo aliyoyaandika baada ya mchezo amwoza kwa Freddy na kumpa duka la maua lenye hesabu mbaya. Sinema ya 1938 na My Fair Lady zafanya vibaya zaidi, zikimrudisha nyumbani kwa Higgins. Haya ni maoni yetu: mchezo huu ungekuwa mkubwa zaidi kama tungemwona Eliza, mwaka mmoja baadaye, amesimama mbele ya wauza maua ishirini. Tungejua kama angewatisha kwa nywele, au angewavulia kofia.

Kwa kuwa Shaw hakuuandika ukurasa huo, walimu wa walimu wauandike wao. Twaweza kutaja njia nne, wala hazitaki fedha.

Kwanza, kijana apewe jambo analolijua kuliko wasikilizaji wake. Aeleze kwa Kiingereza njia ya kutoka parokiani mpaka sokoni, na wenzake wachore ramani wakimsikiliza. Ramani zikilingana, amesema vizuri. Zikitofautiana, wote wataona neno gani liliwapoteza, na hakuna haja ya kumkemea.

Pili, ayaseme mambo yale yale mara tatu kwa wasikilizaji watatu mbalimbali: dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Walimu wengi wa lugha hutumia zoezi hili. Mara ya kwanza atajikwaa. Mara ya tatu ulimi wafunguka, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kupangika moyoni.

Tatu, msimamizi aandike makosa mawili tu, yale yaliyozuia wasikilizaji wasielewe. Kijana akisema «I have twenty years» kwa kufuata Kifaransa, watu wameelewa umri wake. Hilo laweza kungoja. Akisema «sheep» akitaka merikebu, hilo lisingoje. Aambiwe baada ya somo, faraghani, na kwanza aambiwe alilolifanya vema.

Nne, afundishwe kungoja. Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza madarasa, na katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wakiisha kuuliza hungoja karibu sekunde moja tu, kisha hujijibu wenyewe au humwita mwingine. Wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto huwa marefu na ya akili zaidi. Kwa mwalimu mwenye Kiingereza kidogo hii ni habari njema: kunyamaza vizuri hakutaki msamiati. Tena, akitaka kueleweka, asiyakate maneno vipande vipande. Ayaseme kwa mafungu yenye maana, na anyamaze kidogo kati ya fungu na fungu.

Mtu atasema: mkaguzi ataka Kiingereza safi, na mitihani haingoji. Ni kweli, na Eliza hangepata duka bila matamko mapya. Lakini tupige hesabu kama Higgins. Saa ya somo ina dakika hamsini. Mwalimu akisema thelathini, zabaki ishirini. Darasani mna wanafunzi arobaini. Kila mmoja ana nusu dakika ya kusema Kiingereza, na hiyo ni siku ambayo hakuna aliyekuja kuchelewa. Mwalimu aliyefundishwa kukariri ataila hata nusu dakika hiyo. Mwalimu aliyefundishwa kusikiliza ataigawa, ataongeza, atawapanga watoto wawili wawili, na kila mmoja atasema dakika tano kwa siku. Tofauti hiyo, siku baada ya siku, ndiyo Kiingereza cha mtoto.

Basi wenye kutaka kuusoma mchezo wa Pygmalion wausome. Ni kitabu cha furaha na chenye akili. Wasimwige Higgins, wala wasimwamini mtunzi katika kila alisemalo. Wamtazame Koloneli aliyeinuka kitini, na msichana aliyesema atakuwa mwalimu. Na wazazi wanaoalikwa shuleni siku ya sikukuu, wakisikia vijana wa ualimu wakihutubu kwa Kiingereza kizuri, wapige makofi kama desturi. Kisha mmoja wao ainue mkono aulize swali, kwa lugha yoyote aijuayo, nao wamwangalie kijana anavyolipokea.